Safari ya Chakula Tumboni, na Sababu ya Kutomnyima Maji Mtu Anayehara

Ndugu Wanachama,

Wako watakaofungua ukurasa huu wakitafuta habari za bei ya karafuu na za majamvi ya kuanikia, nao watamkuta Katibu anazungumza habari za matumbo. Naomba mniwie radhi. Habari za matumbo nimezitanguliza kwa sababu ya jambo lililotokea msimu uliopita. Baadhi yenu mlikuwapo, na mimi nilikuwapo, wala sikufanya vizuri.

Ilikuwa katika dago letu moja. Kijana mchumaji, mgeni kwetu, alishikwa na tumbo la kuhara tangu alfajiri, na kufikia adhuhuri alikuwa amekwenda kichakani mara zisizo hesabu. Alipoomba maji, mzee mmoja akasema, "Msimpe, wanangu, mtamwongezea." Sote tuliyaona maneno hayo kuwa ni ya busara. Mimi mwenyewe, niliyesomeshwa chuoni na kisha skuli mpaka sekondari, niliuondoa mtungi kwa mkono wangu na kuuweka mbali naye. Ilipofika alasiri macho yake yameingia ndani, sauti imekauka, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama kama kitambaa. Tukampakia juu ya gari la magunia. Huko hospitali wakamtia maji mshipani usiku kucha, akapona. Dakta aliniuliza jambo moja tu: "Nani aliyemnyima maji?" Sikumjibu, na hata leo sijamjibu.

Basi, kikao chetu kilipoamua kwamba kila dago liwe na pipa la maji safi lenye mfereji, mimi ndiye niliyetumwa Dar es Salaam kwenda kuyatengenezesha. Nilifikia Gerezani, karibu na Kariakoo, mahali ambapo ukiamka asubuhi husikii jogoo ila nyundo juu ya bati. Mafundi wa pale hutengeneza kila kitu: masanduku, majiko, mabomba, vipuri vya magari. Fundi wangu alikuwa mtu mzima, hodari wa kazi, mwingi wa maneno. Yeye mfereji huuita koki, na kila nilipotaja mfereji alidhani nataka mtaro wa maji machafu. Tulichelewa siku nzima kwa neno hilo moja.

Adhuhuri tulikaa kwa mama ntilie nyuma ya karakana. Akatupakulia wali, maharage, kipande cha samaki wa kukaanga, mchicha na ndizi mbivu. Nikamsimulia fundi kisa cha yule kijana. Akacheka akasema, "Shehe, tumbo ni bomba tu. Juu unatia, chini kunatoka. Likivuja, unafunga maji ya juu." Hapo nikatambua kwamba maneno ya fundi wa Gerezani na ya mzee wetu wa dagoni ni mamoja, na ndiyo niliyoyafuata mimi pia. Niliporejea nilikwenda kumwuliza dakta, nikasoma vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata. Tuifuate sahani ile ile ya wali.

Kazi huanza mdomoni. Meno husaga, na mate hulainisha. Mtu mzima hutoa mate ya lita moja au zaidi kwa siku. Lakini mate si maji matupu, ndani yake mna dawa ya kuyeyusha, ambayo wataalamu huiita kimeng'enya, na kazi yake ni kuukata wanga wa wali au muhogo uwe sukari. Asiyeamini na atafune kipande cha mkate mkavu taratibu bila ya kumeza, kwa muda wa dakika moja au mbili, ataona utamu unakuja. Utamu huo haukuwamo katika mkate, umetengenezwa na mate yake.

Tonge likimezwa, kipo kifuniko kidogo nyuma ya ulimi kinachofunga njia ya pumzi. Mtu akicheka au akizungumza huku anameza, kifuniko hukosea na yeye hupaliwa. Kisha tonge hushuka katika umio, mrija wenye urefu wa sentimita 25 hivi. Na hapa ndipo bomba la fundi linapoanza kutofautiana na tumbo. Katika bomba maji hushuka kwa uzito wake. Umio ni wa nyama, nao hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, kama mtu anavyokamua mfuko wa uji. Kwa hiyo hata mchumaji aliyeinama kichwa chini juu ya tawi, akitafuna embe (jambo nisilomshauri mtu), embe lake litafika tumboni.

Tumbo lenyewe, yaani ule mfuko, ni pahala pa ukali. Ndani yake mna asidi inayoweza kuunguza ngozi ya mkono, pamoja na kimeng'enya cha kukata nyama ya samaki na maharage. Kuta za mfuko huo hujipaka ute mzito ili zisijile zenyewe. Chakula hukandwa humo kwa muda wa saa mbili mpaka nne, na chenye mafuta mengi hukawia zaidi, mpaka kiwe kama uji. Watu zamani hawakuyajua haya kwa yakini. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja jina lake Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki ubavuni, akapona, lakini tundu la tumbo halikufunga. Dakta wake, William Beaumont, alikuwa akifunga vipande vya chakula katika uzi, akivitia tunduni na kuvitoa, akitazama vilivyoyeyuka. Aliandika kitabu mwaka 1833. Dakta alipata sifa, na kijana akaishi na tundu lake.

Asidi hiyo ni mlinzi wetu pia, kwa kuwa huua vijidudu vingi tunavyovimeza. Lakini haiui vyote. Mwaka 1982 madakta wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba kuna kijidudu kinachoweza kukaa humo humo ndani ya ukali, nacho ndicho kinacholeta vidonda vingi vya tumbo. Watu hawakuwasadiki, hata Marshall mwaka 1984 akavinywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe, tumbo likamwuma. Walipewa Tunzo ya Nobel mwaka 2005. Nayasema haya kwa sababu wako wanachama waliokaa miaka mingi na vidonda vya tumbo wakiambiwa ni pilipili na mawazo. Waende wakapimwe, maana dawa ya kukiua kijidudu hicho ipo. Tena wale wanaomeza vidonge vya kutuliza maumivu kila siku kwa sababu ya mgongo, wajue kuwa baadhi ya vidonge hivyo huuondoa ule ute, na ukuta wa tumbo hubaki bila ya ngao.

Sasa tufike penye kazi kubwa. Kutoka katika mfuko, uji ule hutolewa kidogo kidogo kuingia katika utumbo mwembamba, ambao wengine huuita uchengelele. Sehemu yake ya kwanza ina urefu wa kiasi cha vidole kumi na viwili vikipangwa ubavu kwa ubavu, na ndiyo maana kwa Kiarabu imepewa jina la ithna-ashari. Hapo hukutana na maji ya namna mbili. Kongosho huleta maji yenye vimeng'enya vya kila aina pamoja na kitu cha kuzima asidi. Ini huleta nyongo, nayo hufanya kazi ya sabuni. Mafuta ya samaki hayachanganyiki na maji, kama mnavyojua mnapoosha sufuria. Nyongo huyavunja yawe matone madogo sana, na vimeng'enya huweza kuyashika.

Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi. Ndani yake si laini kama bomba la bati. Una mikunjo, na juu ya mikunjo kuna vinyweleo vidogo mno vilivyosongamana kama manyoya ya zulia, na juu ya kila kinyweleo vingine vidogo zaidi. Lau ungeutandaza wote chini ungepata kiasi cha mita za mraba 30, yaani jamvi kubwa la kuanikia karafuu na nafasi ikabaki. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyonyonya. Wali uliokuwa wanga umekuwa sukari, samaki na maharage yamekatwa vipande visivyoonekana kwa jicho, na vyote huvuka ukuta kuingia katika damu. Damu hiyo hupita kwanza kwenye ini, kama mzigo unavyopita forodhani.

Natamani kila mwanachama alishike neno hili: chakula kilicho ndani ya utumbo bado hakijaingia mwilini. Kiko nje, kama mtu aliyesimama barazani. Mlango ni ule ukuta wa vinyweleo. Mtu anaweza kula sahani tatu na asipate kitu, ikiwa ukuta ni mgonjwa au kuna mwizi mlangoni.

Na mwizi tunaye. Jina lake safura. Mnyoo wa safura huishi katika ardhi yenye unyevu na kivuli, na wapi kuna unyevu na kivuli kama chini ya mikarafuu? Mtu akijisaidia chini ya mti, mayai huanguliwa, na vinyoo visivyoonekana huingia kwa nyayo za anayepita pekupeku. Havikai mguuni. Hufuata damu mpaka mapafuni, hupanda mpaka kooni, humezwa pamoja na mate, na kufika katika utumbo mwembamba, na hapo huuma ukuta na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunywa tone tu kwa siku, lakini mia mbili ni habari nyingine. Mchumaji huwa mweupe wa macho, huchoka akifika tawi la pili, na watu husema ni mvivu. Hapa Pemba jambo hili limechunguzwa sana. Wanafunzi wa skuli wamekuwa wakipewa dawa za minyoo tangu miaka ya 1990, na pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Watoto wetu wamefaidika. Watu wazima wa madagoni wengi hawakumbukwi, na choo cha shimo katika shamba ni kitu ambacho wenye mashamba bado tunabishana nacho. Mimi sioni cha kubishana.

Sasa maji, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Kwa siku moja mtu mzima huingiza kiasi cha lita 2 za maji kwa kunywa na kula. Lakini mate, asidi, nyongo na maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe hufikia kama lita 7 nyingine. Jumla lita 9 hupita humo kila siku. Utumbo mwembamba hurudisha nyingi katika damu, na utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu, hunyonya karibu yote iliyobakia. Katika lita 9, kinachotoka na choo hakijai kikombe cha kahawa viwili au vitatu. Fundi wangu wa Gerezani hana bomba la namna hiyo, bomba ambalo ukuta wake hutoa maji na kuyarudisha, saa zote, mtu akiwa macho au amelala.

Utumbo mpana, kadhalika, ni makazi ya vijidudu visivyo na idadi, na vingi ni marafiki. Hula nyuzinyuzi za mchicha na maharage tusizoweza kuziyeyusha, na hutupatia baadhi ya vitamini. Riahi tunayoionea haya baada ya maharage ni moshi wa jiko lao. Mwaka 2014 wataalamu walieleza kwamba Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, matunda ya mwitu, asali na nyama ya kuwinda, wana vijidudu vya aina nyingi zaidi matumboni kuliko watu wa mjini Bologna, Italia. Mambo ya mbegu na majani, basi, si ya kudharauliwa.

Sasa fikirini ukuta huo ukiharibika. Ugonjwa ulio mkali kuliko yote ni kipindupindu. Kijidudu chake hakiuli utumbo. Hutoa sumu inayoviamuru vinyweleo vimwage chumvi na maji bila ya kusita, na mgonjwa huweza kupoteza hata lita moja kwa saa, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Maji hayo hayatoki katika mtungi aliokunywa. Yanatoka katika damu yake. Hapa ndipo mzee wetu alipokosea, na fundi, na mimi. Tulidhani tukifunga maji ya juu, ya chini yatakatika. Hayakatiki. Yule kijana angeendelea kuhara hata asipoonja tone, mpaka damu iwe nzito na moyo ukose cha kusukuma.

Visiwa vyetu vinaujua ugonjwa huu. Mwaka 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu Unguja, na dakta mmoja aliyekuwa akikaa huko, James Christie, alifuatilia jinsi ulivyosafiri kwa misafara ya bara na majahazi ya pwani, akaandika kitabu kilichochapwa mwaka 1876. Ulirudi Tanzania katika miaka ya 1970. Mwezi wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, ukaenea mikoani na kufika kwetu, na watu zaidi ya 20,000 waliugua nchini kabla haujatulia. Mwaka 2009 chanjo ya kumeza ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, nayo ilisaidia hata jirani zao wasioimeza.

Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu ya kipindupindu haiufungi, nao ndio uliookoa watu wengi kuliko dawa nyingi za bei kubwa. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo, sukari na chumvi huingia kwa mlango mmoja zikiwa zimeshikana mikono. Chumvi peke yake hukwama nje. Sukari ikija naye, wote huingia, na maji huwafuata. Mwaka 1968 huko Dhaka, ambayo leo ni Bangladesh, madakta waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya sukari na chumvi, wakaona yanafika katika damu. Mwaka 1971, wakati wa vita, wakimbizi walikuwa wengi kambini kuliko chupa za kutia mshipani, na Dakta Dilip Mahalanabis akawapa maji hayo katika madebe, ndugu wakiwanywesha wagonjwa wao. Vifo vikapungua sana.

Hivyo maji ya chumvichumvi hayazuii kuhara, na wasioelewa huyaacha kwa sababu hiyo. Mgonjwa ataendelea kwenda choo. Yanachofanya ni kurudisha kinachotoka. Pakiti zake hupatikana vituo vya afya na madukani, kila moja hukorogwa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikiwa hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, ni hatari, hasa kwa mtoto. Kila anapokwenda choo mtu mzima anywe bilauri moja au mbili. Mtoto apewe kidogo kidogo kwa kijiko, na anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Akitapika, subirini dakika kumi, kisha mwanze tena polepole. Mwenye macho yaliyozama, aliyelegea, asiyeweza kunywa, au anayetoa damu, apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa njiani ikiwa anaweza kumeza.

Najua nitaulizwa habari ya karafuu, maana sisi tunaamini haina isiloliponya. Punje moja au mbili katika chai huondoa riahi na kuchangamsha kinywa, na mafuta yake hufisha maumivu ya jino. Hayo sina ugomvi nayo. Lakini karafuu haizibi kuhara kwa kipindupindu, na mafuta ya makonyo yasinyweshwe mtoto kabisa. Yako makali mno, na yamepata kuwaharibu watoto maini. Sisi tunaoyauza ndio wa kwanza kupaswa kusema hivyo.

Mapipa yamefika kwa boti, kumi na mawili, yote yana koki, au mfereji, na fundi ameongeza vifuniko bila ya malipo baada ya kunisikiliza. Alisema bado anaona ni bomba, ila la ajabu. Kila msimamizi wa dago afike ofisini kabla ya uchumaji kuanza, achukue pipa moja, pakiti 20 za chumvichumvi na sabuni, atie saini. Asiyekuwa na choo cha shimo katika shamba lake atapewa pipa pia, lakini jina lake litaandikwa ubaoni. Na yule mzee wa dagoni, ambaye simtaji, amekwisha chukua la kwake.

Katibu wenu.